William Kimber: Fundi wa mjengo aliyeokoa densi ya kijiji chake

Kuna picha za zamani za William Kimber zinazoweza kukuchekesha kidogo. Mzee wa Kiingereza, shati jeupe, mikanda ya rangi imepishana kifuani, njuga zimefungwa miguuni chini ya magoti, na mkononi ameshika konsatina, yaani kile kinanda kidogo cha kuvuta na kusukuma ambacho ni binamu ya akodioni ya Mwomboko. Ukimwona hivyo utadhani ni mchekeshaji wa harusi.

Lakini wanaojua historia ya densi za kiasili Uingereza humtaja kwa heshima zote. Jamaa huyu hakuwa profesa wala msanii wa jukwaani. Alikuwa fundi wa matofali. Mchana alikuwa kwenye mjengo, na wakati wake mwingine ulikuwa wa kundi la densi la kijiji chake. Alikaa na kundi hilo tangu ujana hadi alipofariki akiwa na miaka 89. Katika muda huo densi yenyewe ilikufa zaidi ya mara moja, na kila ilipofufuka jina lake halikukosekana.

Kimber alizaliwa Septemba 8, 1872, katika kijiji cha Headington Quarry, karibu na mji wa Oxford. Jina hilo lina maana ya machimbo ya mawe ya Headington, na ndivyo palivyokuwa. Mawe yaliyochimbwa hapo yalijenga kuta nyingi za vyuo vya Oxford, kama vile mawe ya Ndarugo yanavyojenga ploti za Nairobi. Mawe mazuri yalipopungua, wanakijiji waligeukia matofali. Kwa hiyo kulikuwa na wasomi waliokaa ndani ya majumba hayo mazuri mjini, na kulikuwa na watu wa Quarry waliochimba, wakachoma tofali, wakajenga, kisha jioni wakarudi kwao mlimani. Umbali ni wa kutembea tu, lakini wasomi wengi hawakujua yaliyokuwa yakiendelea huko juu.

Huko juu kulikuwa na densi iitwayo Morris. Wanaume sita hujipanga mistari miwili ya watu watatu watatu, wakitazamana. Miguuni wamefunga njuga, kila hatua inalia. Kuna mitindo ya kupunga vitambaa vyeupe, na kuna ya kugonganisha fimbo. Mmoja wa mitindo hiyo, Bean Setting, unachezwa kwa kugonga ncha za fimbo ardhini kama mtu anayetoboa shimo la kupanda maharagwe, kisha fimbo zinapanda juu na kugongana. Pembeni yuko mpiga muziki mmoja na mara nyingi mchekeshaji mmoja wa kuwachangamsha watazamaji. Msimu wake hasa ulikuwa Pentekoste, kunapokuwa na joto. Kundi lilipita mitaani na kwenye baa, likicheza na kuchangisha pesa kidogo kwenye kofia.

Baba yake, aliyeitwa William Kimber pia, alikuwa kiongozi wa kundi na mpiga konsatina. Mtoto alijifunzia hapo nyumbani. Hapakuwa na karatasi ya nota. Unaangalia mikono ya mzee, unasikiliza, unajaribu, unakosea, unaambiwa rudia. Wenzetu wa Isukuti kule Kakamega wanaijua shule ya aina hiyo: ngoma inatoka kwa baba kwenda kwa mwana.

Shida ya shule hiyo ni kwamba mlolongo ukikatika, umekatika. Mwaka wa 1887, kundi la Headington Quarry liliacha kucheza. Kimber alikuwa na miaka 15 hivi. Mambo kama haya mara nyingi huwa hayana tarehe ya msiba. Wazee wanachoka, vijana wanaona ni mambo ya kishamba, wengine wanahamia mjini kutafuta kazi, Pentekoste moja inapita bila densi, na ya pili, na baada ya hapo hakuna anayeuliza tena. Miaka 12 ikapita hivyo. Sehemu nyingi za Uingereza makundi kama hayo yalikuwa yakizimika wakati huohuo, na mengi hayakuamka tena.

Aliyelitikisa kundi la Quarry kwanza alikuwa Percy Manning, mpenzi wa mambo ya kale aliyeishi Oxford. Aliwaomba wale wanaume wacheze katika tamasha la Oxford mnamo Machi 1899. Walicheza, watu wakafurahi. Huenda mambo yangeishia hapo, yaani onyesho moja la kumbukumbu kisha kila mtu kwake. Kilichobadilisha hadithi ni baridi na njaa.

Fundi yeyote wa matofali wa nchi za baridi atakueleza. Barafu ikianza kuganda usiku, mota haishiki vizuri. Maji yaliyomo ndani yake yanaganda kabla haijakauka, ukuta unapasuka. Kwa hiyo kibarua kinasimama. Hakuna kazi, hakuna mshahara, na wakati huo hakukuwa na bima ya serikali ya kumlipa mtu aliyekosa kazi. Desemba 1899 ilikuwa hivyo kwa mafundi wa Quarry. Krismasi imefika na mifuko mitupu. Wakaamua kufanya kitu ambacho kwa kawaida wasingekifanya: kuvaa nguo za densi katikati ya baridi, nje kabisa ya msimu, wakazunguke nyumba za watu wenye uwezo, wacheze, wapate chochote.

Desemba 26, siku inayofuata Krismasi, walifika kwenye nyumba iliyoitwa Sandfield Cottage. Wanaume wenye nguo nyeupe, riboni na njuga, na Kimber, sasa ana miaka 27, ndiye aliyeshika konsatina. Walikuwa na aibu kidogo ya kutoka wakati usiofaa, na inasimuliwa kwamba waliomba radhi kwa hilo wakaeleza kuwa kazi zimekosekana. Walianza na densi iitwayo Laudnum Bunches.

Ndani ya nyumba hiyo alikuwemo mgeni kutoka London aliyekuja kusherehekea sikukuu kwa mama mkwe wake. Jina lake Cecil Sharp, mwalimu wa muziki mwenye miaka 40. Aliusikia muziki ule kupitia dirishani na ukamgusa. Alikuwa mtu aliyesomea muziki, aliyefundisha muziki kila siku, na hapo mlangoni palikuwa na muziki wa nchi yake mwenyewe ambao hakuwa ameujua. Alimwita Kimber arudi kesho yake. Fundi akarudi na konsatina yake, akampigia tuni tano, Sharp akaziandika kwa nota.

Hapa wengi husimulia kana kwamba mwanga ulishuka na kila kitu kikabadilika siku hiyo. Haikuwa hivyo. Sharp aliziweka zile karatasi na kwa miaka kadhaa hakufanya nazo jambo kubwa. Kwanza aliingia kwenye nyimbo. Kuanzia 1903 alizunguka vijijini Somerset akikusanya nyimbo za wakulima na kujipatia jina. Kimber naye alirudi kwenye mjengo baridi ilipopungua.

Miaka sita baadaye wakaja wasichana.

London kulikuwa na klabu ya jioni iliyoitwa Espérance, iliyoanzishwa 1895 na wanawake wawili, Mary Neal na Emmeline Pethick. Pethick baadaye alivuma katika harakati za wanawake kupigania haki ya kupiga kura. Wanachama wa klabu walikuwa wasichana wa mitaa ya wenye kipato kidogo, wengi wao mafundi wa kushona nguo, waliokaa kwenye cherehani kutwa nzima. Jioni walihitaji kitu cha kuwanyoosha mgongo na kuwafurahisha roho. Walikuwa wamejifunza nyimbo alizokusanya Sharp, zikawapendeza mno, na Neal akamwuliza Sharp kama kuna densi za kuendana nazo. Sharp akakumbuka jina la yule fundi wa Headington.

Neal hakutuma barua. Alipanda treni mwenyewe hadi Oxford, akamtafuta Kimber na kumpata. Muda mfupi baadaye, mwaka huo wa 1905, Kimber na binamu yake walisafiri hadi London kuwafundisha wale wasichana.

Hebu simama hapo kidogo. Densi hii ilikuwa ya wanaume, ya kijiji kimoja, iliyopokezanwa ndani ya familia chache. Angeweza kabisa kukataa. Wazee wa kwetu wangapi wamekaa na siri za ngoma hadi kaburini kwa sababu aliyekuja kuuliza si wa ukoo, au ni mwanamke, au ametoka mjini? Kimber alifunga safari akawaonyesha hatua wasichana wa cherehani asiowajua. Mimi naona hapo ndipo mahali muhimu zaidi katika maisha yake, kuliko hata ile Desemba ya 1899. Siku ile ya baridi alionekana na mtu mkubwa, jambo ambalo ni bahati. Safari ya London ilikuwa uamuzi wake.

Wasichana walishika densi upesi, na ilikuwa moto. Walicheza kwenye karamu ya Krismasi, wakaalikwa kwenye kumbi, kisha maombi yakaanza kumiminika kutoka mikoani: tutumieni mwalimu. Wale washonaji wakawa walimu. Walienda shule na vijiji vya Uingereza, kufundisha densi ya Kiingereza kwa Waingereza waliokuwa wameisahau. Mmoja wao, Florrie Warren, alifika hadi Marekani na Neal kuifundisha huko. Inachekesha ukikumbuka kwamba baadaye, makundi mengi ya Morris yalipojipanga kitaifa, yaliwafungia wanawake mlango na kusema hii ni densi ya wanaume tangu jadi. Shirika moja kubwa la makundi hayo, lililoundwa 1934, lilisubiri hadi karne hii ya 21 kulegeza msimamo. Wasichana walioibeba densi mgongoni wakaambiwa haiwahusu.

Mafanikio yalileta ugomvi, kama kawaida. Sharp na Neal waliokuwa marafiki wakakorofishana vibaya. Sharp alitaka densi ifundishwe kwa kanuni, mguu uende pale na mkono ufike hapa, walimu wapewe mafunzo na mitihani, isije ikaharibika. Neal aliona kwamba densi ni ya watu, mtu aliyeijua amwonyeshe mwenzake, na furaha ni muhimu kuliko usahihi wa kila hatua. Walijibizana magazetini. Mwaka wa 1911 Sharp na wenzake waliunda Chama cha Densi za Kiasili cha Uingereza, na klabu ya Neal ilifungwa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Sharp akawa ameshinda.

Ukifuatilia ugomvi huo utaona ulikuwa wa watu wa tabaka la kati wakigombania mali ya mafundi wa matofali. Kila upande ulidai unaijua densi halisi. Neal alikwenda hadi Headington kuwatafuta wachezaji wengine wazee, ambao hatua zao zilitofautiana kidogo na za Kimber, ili kuonyesha kwamba si lazima Kimber awe ndiye kipimo pekee. Na kusema kweli hakukosea. Densi ya kijiji haina nakala moja rasmi. Mzee huyu anaruka juu, yule anaruka chini, wote ni wa kundi lilelile.

Kimber alisimama upande wa Sharp. Kwa miaka mingi aliandamana naye kwenye mihadhara: Sharp anaeleza, Kimber anacheza na kupiga konsatina mbele ya watu waliovalia nadhifu, kwenye kumbi kubwa London. Halafu siku inayofuata yuko kwenye jukwaa la mbao la mjengo, mwiko mkononi. Si wengi wanaoweza maisha hayo mawili kwa pamoja bila moja kuharibu lingine. Wapo ambao wakishapigiwa makofi mjini huona aibu kurudi kijijini. Yeye alijenga nyumba yake mwenyewe pale Headington, matofali kwa mikono yake, akaiita Merryville, kutokana na jina la utani alilopewa na wenzake, Merry, yaani mchangamfu. Aliishi humo, na kundi lake lilikuwa hapohapo.

Sasa tuongee kuhusu muziki, maana hapa ndipo ufundi wake ulipokuwa.

Konsatina ya Kimber ilikuwa ya aina ambayo kitufe kimoja hutoa sauti mbili. Ukisukuma unapata noti moja, ukivuta unapata nyingine. Kwa hiyo mpigaji hubadilisha mwelekeo wa mikono kila mara, na muziki unatoka kwa mikato mifupimifupi, unadundadunda wenyewe. Kwa mtu anayetaka kusinzia na muziki mtamu haufai. Kwa mchezaji densi, ni dhahabu. Kimber alicheza tuni kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akaweka midundo mifupi, kama mtu anayepiga makofi. Na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mchezaji, alijua mtu mzima mwenye njuga miguuni anahitaji muda gani kuruka na kutua. Muziki wake ulingoja miguu. Ukipiga haraka kwa kujionyesha, wachezaji wanatua kabla hawajafika juu, na densi inakuwa ya kukimbizana. Waliojifunza kutoka vitabuni walipata hatua zote sahihi, lakini hilo la kungoja miguu haliandikiki.

Kati ya tuni ambazo Sharp aliziandika kutoka kwa Kimber, iko moja iitwayo Country Gardens. Sharp alimpa mtunzi Percy Grainger, naye akaitengenezea mpangilio wa piano uliotoka 1918. Ilivuma kupita kiasi. Karatasi za muziki huo ziliuzwa kwa wingi mno, watoto waliojifunza piano Uingereza na Marekani wakakua nao. Grainger mwenyewe alifika mahali pa kuchoka nao, kwa sababu kila alikokwenda na kazi zake nyingine nzito watu walitaka huo tu. Hata wewe huenda umeusikia bila kujua jina lake.

Kwenye karatasi hizo jina kubwa ni la Grainger. Waliouzoea muziki huo ni wengi, waliomjua fundi aliyeupiga kwa konsatina ni wachache. Kijana yeyote Mkenya anayefuatilia kelele zetu za hatimiliki na mirabaha atauliza papo hapo: sasa huyo mzee alipata nini? Swali ni zuri, lakini lina mitego. Kimber hakudai kwamba alitunga tuni hiyo. Aliipokea kwa baba yake, na kijiji kiliipokea kwa waliotangulia. Sheria za hatimiliki zinamtambua anayepanga na kuchapisha. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukumbuka, kuhakikisha kitu hakipotei katika ile miaka 12 ya kimya, sheria haimwoni kabisa. Leo bado ni hivyo, na wanaorekodi nyimbo za wazee wa vijijini kwetu kwa simu na kuziweka kwenye midundo ya kompyuta wanalijua hilo vizuri sana.

Vita vya Kwanza viliuumiza ulimwengu wa densi vibaya. Kundi la maonyesho la Sharp mwenyewe, lililokuwa na vijana wa kiume waliosoma, lilipoteza wanne katika mapigano ya Somme mwaka wa 1916, akiwemo mtunzi wa muziki George Butterworth. Vijijini hali ilikuwa hiyohiyo: vijana waliokuwa wanaanza kushika hatua walikwenda na wengi hawakurudi. Densi inayohitaji wanaume sita ni rahisi kuiua. Ukikosa wawili tu, hakuna densi.

Mwaka wa 1922 Chama cha Densi za Kiasili kilimpa Kimber nishani yake ya dhahabu. Miaka miwili baadaye Sharp alifariki, na 1930 ikafunguliwa London nyumba kubwa yenye jina lake, Cecil Sharp House, ambayo hadi leo ni makao ya densi na nyimbo za kiasili za Uingereza. Kimber akabaki kuwa mtu ambaye wageni walifunga safari kwenda kumwona. Alirekodiwa kwenye santuri. Vijana wa vyuo vikuu walipanda ule mlima wa Headington, safari hii kwa heshima, kumuuliza fundi maswali. Ni kizazi cha wasomi wa majumba yaleyale yaliyojengwa kwa mawe ya machimbo ya kwao.

Lakini sifa hazikuzuia kundi la nyumbani kuyumba. Hilo ndilo linaloshangaza wengi: densi ya Headington ilikuwa ikichezwa mikoani kote na hata ng'ambo, ilikuwa kwenye vitabu, ilikuwa kwenye santuri, na bado pale Headington Quarry penyewe kundi lilikuwa likisuasua, mara lipo mara halipo. Vita vya Pili vilipokuja, kimya tena. Kitabu kinaweza kuitunza densi ya kijiji kwa miaka mingi na kijiji kisicheze hata siku moja. Shirika la UNESCO lilipoiweka Isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mwaka wa 2014, haikuwa kwa sababu hakuna aliyeisikia. Kila Mkenya aliyewahi kuhudhuria sherehe ya kitaifa ameiona. Tatizo lilikuwa kule nyumbani, nani atapokea ngoma kutoka kwa nani.

Kimber, baada ya vita, alikuwa amepita miaka 70. Mtu wa umri huo mwenye nishani ya dhahabu ana haki ya kukaa Merryville akipokea wageni. Yeye alianza upya na wavulana wa pale Headington, akiwaonyesha mguu unapokwenda, akiwapigia konsatina ileile ya kungoja miguu. Wavulana wa umri ambao yeye mwenyewe alikuwa nao kundi lilipokufa mara ya kwanza. Ilikuwa enzi ya sinema na muziki wa jazi kwenye redio, na si vigumu kufikiria utani waliopata mtaani kwa kuvaa njuga. Baadhi yao walibaki. Kundi la Headington Quarry lililosimama kutokana na mafunzo hayo halijazima tena tangu wakati huo.

Kijiji chenyewe kilimezwa na mji. Kiwanda cha magari cha Cowley kilikuwa karibu, nyumba mpya zikajaa, na Quarry ikawa mtaa wa Oxford kama mitaa mingine. Barabara moja ilipewa jina lake, William Kimber Crescent. Mahali ilipokuwa Sandfield Cottage pana jiwe la ukumbusho wa ile siku ya 1899. Si mafundi wengi wa matofali wanaopata barabara.

William Kimber alifariki mwaka wa 1961, Desemba 26, miaka 62 kamili, siku kwa siku, tangu alipocheza mbele ya lile dirisha kutafuta pesa ya Krismasi. Jeneza lake lilibebwa na wacheza Morris wakiwa na nguo zao nyeupe. Alizikwa kwenye makaburi ya Kanisa la Holy Trinity pale Quarry, na jiwe la kaburi lake limechongwa konsatina na njuga. Miaka miwili baadaye alizikwa hapohapo mwandishi C. S. Lewis, yule wa vitabu vya Narnia, na wageni wengi wanaofika leo huwa wamekuja kwa ajili ya Lewis.

Kila Desemba 26 kundi la Headington Quarry hutoka tena nje ya baa za mtaa huo, kwenye baridi, na kucheza.